Njia Zote za Kwenda Kwenye Mashine

Mashine ya kusafisha damu ilipoharibika mara ya kwanza, wakubwa wa hospitali walisema fundi yuko njiani. Fundi huyo hata kama angekuwa anakuja kwa kutambaa, angekuwa ameshafika, ameshaoa, na wajukuu anao. Mlangoni pa wodi walibandika karatasi yenye muhuri, inawaomba wagonjwa wawe na subira, na chini yake benchi la wagonjwa likawa linapungua watu wiki hadi wiki. Walioipokea subira ile walizikwa nayo.

Mpiga Bati hakuipokea. Alikuwa amemaliza ujana na utu uzima wake katika karakana ya manispaa, akinyoosha bodi za magari ambayo wakubwa waliyagonga wakitoka kwenye starehe zao, kwa hiyo karatasi yenye muhuri aliijua harufu yake kabla hajaisoma. Aliisoma hivyo hivyo, kwa shida, kidole kikifuata mstari, maana shule aliiacha mapema. Alipomaliza akamshika mkewe mkono.

"Mama, tuondoke. Hawa wanangoja tufe ili foleni iishe."

"Twende wapi?"

"Kwenye mashine nyingine. Nchi ni kubwa."

"Kwa gari la nani?"

Wakacheka wote wawili, pale pale chini ya tangazo, mpaka nesi akatoa kichwa dirishani. Gari walikuwa nalo. Ila hakuna aliyewahi kulitazama akafikiri ni kitu cha kuokoa roho ya mtu.

Lilikuwa Pijo la zamani, lile refu la mgongo ulionyooka, gia yake ipo kwenye usukani. Zamani lilikuwa la mkurugenzi. Mkurugenzi alipoletewa jipya, hili akalitupa nyuma ya karakana, nyasi zikaota mpaka kwenye boneti na kuku wa mlinzi wakawa wanataga kwenye kiti cha nyuma. Siku ya mnada mkono uliopanda ni mmoja tu. Wenzake wakamwambia, "Hongera, umepata banda la kuku lenye usukani." Akalifufua bati kwa bati, akalipaka rangi ya maziwa, na mkewe, aliyekuwa muuza nafaka sokoni, akashona mapazia ya vioo vya nyuma kwa kitambaa cha maua. Kwa miaka mingi lilibeba magunia yake ya maharage siku za kazi, na siku ya mapumziko likawabeba wenyewe, waende tu mpaka barabara iwachoshe, kisha warudi.

Ugonjwa ulikuwa wa figo. Zote mbili ziligoma. Maji anayokunywa mgonjwa hayatoki, yanakaa mwilini, yanapanda mpaka kwenye mapafu, na mtu anazama akiwa amekaa kwenye kiti chake, mkavu, amevaa viatu. Mashine ndiyo inayoyatoa, mara mbili kwa wiki. Nesi wa kwanza aliwafundisha vizuri, tena kwa upole: uzito wako bila maji ni kilo hamsini, mama. Ukizidisha mbili au tatu, usiogope. Ukifika tano, usilale nyumbani. Na maji ya kunywa ni kikombe kidogo kwa siku, basi, hata jua liwake vipi.

Kwa hiyo maisha yao yakawa barabara na mizani.

Wagonjwa walipigiana simu. Kulikuwa na mmoja aliyejulikana kama Dada Kofia, mwenye kicheko kikubwa, ambaye alijua kila mashine nchini kama mchuuzi anavyojua magulio. Anapiga asubuhi: "Jamani, ya kwenu imekufa, ya kwetu inakohoa, lakini ile ya kule bandarini ni nzima, kimbieni." Nao wanakimbia. Siku nzima, au siku na nusu, dirisha wazi, mkewe mbele na mto mgongoni, yeye kwenye usukani na kitambaa shingoni.

Mtu angetegemea safari kama hizo ziwe za kilio. Mkewe hakukubali. Aliweka sheria mbili toka mwanzo. Ya kwanza, hawarudi kwa njia waliyoendea. Ya pili, ugonjwa hautajwi mpaka waone geti la hospitali. "Mimi nasafiri," alisema. "Nikishuka ndipo naumwa." Wakaona vitu ambavyo watu wazima wa mtaani kwao waliviona kwenye kalenda tu. Waliona ziwa jeupe la magadi ambalo lori lilikwama katikati na dereva wake amepiga magoti anaomba. Waliona mji wa machimbo ambamo kila nyumba, kila mbuzi, kila mtoto alikuwa mwekundu kwa vumbi. Walipita msitu ambao katikati ya mchana ililazimu kuwasha taa. Machungwa mkewe alikatazwa kwa ajili ya figo, basi alikuwa anayanunua yeye, anammenyea mumewe huku gari linatembea, anampa kipande kwa kipande, na maganda anabaki nayo mapajani anayanusa mpaka yakauke.

Kituko kikubwa kilikuwa maji. Rejeta ya Pijo ilikuwa inavuja, na haikukubali kuzibwa moja kwa moja. Kila baada ya muda wanasimama, mkewe anashuka na dumu, maana kazi hiyo aliitaka mwenyewe. Anamimina, maji yanaingia gluku gluku, naye anatazama kwa wivu.

"Linywe tu hilo. Figo zake nzima."

"Liombe likugawie moja."

"Nimwombe nani mwingine? Wewe? Wewe una figo au una bia?"

Trafiki mmoja aliwasimamisha kizuizini, akalizunguka gari, akagonga bati kwa fimbo yake. "Mzee, hili linatakiwa makumbusho."

"Na wewe, afande, na hilo tumbo, unatakiwa wapi?"

Mkewe akafunika uso kwa mtandio. Trafiki akacheka, akawaachia. Mpiga Bati alisema baadaye kwamba kama trafiki yule angekuwa na nyota mbili begani wangelala ndani. Mwenye cheo hana utani.

Kupima uzito ndiyo ilikuwa kazi ya kila siku. Hospitali nyingine ndogo mizani zao zilikuwa zimekufa kabla ya wagonjwa, kwa hiyo walipima popote penye biashara ya kupima. Kwenye duka la saruji. Kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Mkewe anavua viatu, anapanda juu ya jukwaa la mizani katikati ya magunia, anasimama wima kama anapigwa picha. Alikuwa anasoma mwenyewe. Mizani ilikuwa kazi yake, amekaa nayo sokoni nusu ya umri wake, na Mpiga Bati hakuwahi kumuuliza mara mbili.

"Kilo bei gani?" wapagazi walitania.

"Hauzwi," Mpiga Bati anajibu. "Nilishamtolea mahari, na risiti ninayo."

Hivyo ndivyo walivyoishi. Waliishi kuliko walivyoishi walipokuwa wazima, na huo ndio uchungu wenyewe.

Kisha mashine zikaanza kufa kwa mfululizo. Ya bandarini ilikosa chujio, na chujio lilikuwa limekwama kwenye ghala la serikali likisubiri saini ya mtu aliyekuwa ziarani. Ya mji wa reli ilizimwa kwa sababu ya deni la umeme, huku taa za ofisi ya mganga mkuu zikiwaka mchana kweupe. Safari zikawa ndefu zaidi, na baina ya mashine na mashine siku zikaongezeka. Mkewe akaanza kuvimba miguu. Akawa anachoka kabla ya kushuka. Asubuhi moja walimpigia Dada Kofia, simu ikapokelewa na mwanawe, akasema, "Mama hayupo tena," halafu akauliza kama wanajua ni mashine gani nzima, kwa sababu watu bado wanapiga.

Mkewe aliiweka simu mapajani. Hakulia. Alisema tu, "Kule juu kwenye ukingo, ambako barabara inapita juu ya mawingu. Tumepita chini yake mara ngapi, mzee?"

"Mara nyingi."

"Hatujapanda hata mara moja. Kila siku tunawahi mashine."

Wiki hiyo mashine iliyosalia ilikuwa katika mji wa bondeni, ng'ambo ya ule ukingo. Waliondoka mapema. Mpiga Bati alimtazama usoni akaona amejaa, macho yamekuwa madogo, pete haitoki kidoleni. Kabla ya mchana wakafika kwenye njia panda: kushoto barabara ya lami inazunguka chini mpaka mjini, hospitali wangefika kabla ya jua kuzama, kulia ile ya kupanda, ya vumbi na kona, ambayo ingewafikisha bondeni kesho yake. Hapo njia panda palikuwa na ghala la mnunuzi wa alizeti, jengo refu la mabati, foleni ya wakulima, na mizani kubwa mlangoni. Pijo lilikuwa linachemka. Mpiga Bati akafungua boneti, akaenda kutafuta maji kwenye bomba la nyuma. Mkewe akasema atapima hapo hapo.

Aliporudi na dumu, mkewe alikuwa juu ya mizani, viatu vyake chini vimepangwa.

"Njoo uone mwenyewe," akamwita. "Usije ukasema nimekuambia tu."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita asome. Akasoma. Mshale ulikuwa kwenye hamsini na moja.

"Hamsini na moja?"

"Unaona. Mkavu kama kuni."

"Mbona uso umejaa hivyo?"

"Ni kulala vibaya. Bishana na chuma, basi." Akashuka, akavaa viatu, akawa mwepesi kama msichana. "Mzee, mashine itungoje siku moja. Leo tupande."

"Nesi alisema tusipitishe siku."

"Nesi hajanipima leo. Mizani imenipima."

Mpiga Bati akaupanda mlima. Mungu ndiye anayejua, alipanda kwa furaha. Pijo lilikata kona kwa gia ya pili, likanguruma, vumbi likabaki nyuma kama shuka, na kila walipopinda, bonde likazidi kwenda chini. Mkewe alitoa kichwa dirishani, mtandio ukamtoka, akauacha uende. Juu kabisa ukingoni wakakuta mawingu yapo chini yao kweli, meupe, yametulia, na vilele vya vilima vimechomoza kama migongo ya ng'ombe wamelala. Maji yalitoka kwenye mwamba kando ya barabara, madereva walikuwa wamechomeka kipande cha bomba. Mkewe akajaza dumu, akalimiminia gari kwanza. Halafu akajaza kikombe kikubwa, kile cha mumewe.

"Mama."

"Mwili una nafasi ya kilo nne. Niache nizitumie."

Akanywa. Alikunywa macho yamefumbwa, maji yakamshuka kidevuni, akajaza tena akanywa tena. Akamenya chungwa akala lote, vidole akavilamba. Mpiga Bati alisimama pale na funguo mkononi, na kitu fulani kifuani kikamwambia amnyang'anye kikombe, lakini mizani ilikuwa imesema, na yeye mwenyewe kwa macho yake alikuwa ameisoma.

Walilala garini. Alfajiri mkewe hakuweza kulala chali tena. Alikaa ameshika dashibodi kwa mikono miwili, anavuta pumzi kama mtu anayenyonya maji kwenye matope. Mpiga Bati alishuka ule mlima jinsi ambavyo gari la umri ule halitakiwi kushushwa. Nesi wa bondeni hakupoteza muda. Alimweka kwenye mizani ya hospitali, nzuri, mpya, ya namba nyekundu. Ikasema hamsini na nane.

"Jana mlikuwa wapi?" nesi akauliza huku anakimbia kuandaa mipira ya mashine. "Mngefika jana."

Mpiga Bati hakupata nafasi ya kujibu. Mlinzi alikuwa amemshika bega. Gari lake, alisema, lilikuwa limeegeshwa pa mganga mkuu, na mganga mkuu yuko getini anapiga honi. Mpiga Bati alisema mke wangu yuko humo ndani. Mlinzi akasema, baba, nitafukuzwa kazi. Basi akatoka kuliondoa gari, akalirudisha nyuma, akalipeleka mpaka chini ya ukuta, na aliporudi nesi alikuwa anavua glavu.

Walimzika nyumbani. Binti yao, karani wa benki, alifanya yote yaliyotakiwa, akawapokea watu, akawashukuru, akawasindikiza. Watu walipoisha akafunga mlango wa sebule akabaki amesimama.

"Nimeongea na nesi. Ameniambia yote uliyomweleza," akasema.

Baba yake akangoja.

"Ulimpeleka mama mlimani. Kutembea. Amebakiza saa chache kufika kwenye mashine, wewe ukampeleka kuangalia mawingu."

"Mizani ilisema hamsini na moja. Niliisoma mwenyewe. Mizani ya alizeti, pale njia panda, mbovu, wameichezea, ndiyo iliyo—"

"Baba." Hakupandisha sauti. "Kwako kosa siku zote ni la mtu mwingine. Mara mkurugenzi, mara mganga mkuu, mara waziri. Sasa mizani. Na wewe uliyekaa kwenye usukani ulikuwa nani, utingo?"

Akachukua mkoba wake akaondoka. Tangu hapo simu zake hakuzipokea.

Lile neno la utingo lilimkaa Mpiga Bati moyoni. Alikuwa amezoea kutukanwa na wakubwa, hata alikuwa na jibu la kila tusi, lakini hili lilitoka kwa mwanawe. Usiku na mchana ni swali moja tu: mimi ndiye niliyemuua? Akienda sokoni watu wanamwita, hasikii. Mwisho akanunua mfuko mmoja wa saruji, haujafunguliwa, kilo hamsini zimeandikwa ubavuni, akautupa nyuma ya Pijo akashika njia.

Ghala lilikuwa vile vile, foleni ile ile. Hakusalimia mtu. Akaubeba mfuko begani, akaupita mstari wote, akaubwaga juu ya mizani. Mshale ukayumba, ukasimama kwenye arobaini na tano.

"Someni," akawaambia wakulima. "Someni wenyewe."

Meneja wa ghala alitoka, kijana mpole, simu mbili mkononi. Akatazama mshale, akatazama mfuko.

"Saruji ya siku hizi, mzee wangu, viwanda vinapunja."

Foleni ikacheka. Meneja akamwonyesha pembeni mwa mizani: muhuri wa mkaguzi wa vipimo, wa mwaka huu, unang'aa. "Serikali imeipitisha. Kama una shida, nenda kwao."

"Mnaibiwa," Mpiga Bati akawageukia wale watu. "Kila gunia wanawala kilo tano, halafu mnacheka."

Mzee mmoja aliyekaa juu ya gunia lake akamjibu bila hata kusimama. "Tunajua, ndugu yangu. Nani asiyejua? Ghala la mbele linakula saba."

Kwa hiyo walijua wote. Mpiga Bati alibeba mfuko wake, na hata katika hasira yake akasikia kama nafuu inamshuka mgongoni. Ushahidi ameupata. Siyo yeye. Ni hawa, na mkaguzi wao, na aliyemtuma mkaguzi. Angemleta binti hapa aione kwa macho yake.

Alikuwa anafunga mlango wa nyuma alipoona mtu amesimama karibu na tairi. Alikuwa mwanamke wa makamo, sindano ndefu ya kushonea magunia imechomekwa kwenye kilemba chake.

"Shikamoo, baba. Gari hili nalikumbuka. Lina mapazia ya maua. Yule mama hajambo?"

"Alifariki."

"Pole. Pole sana." Akainamisha kichwa. "Maskini. Alinichekesha siku ile."

"Alikuchekesha nini?"

"Wewe ulikuwa umeenda bombani. Aliitazama mizani yetu hata kabla ya kupanda, akainama, akagusa pale chini penye jiwe lake la kusawazishia, akaniuliza, 'Hii inakula ngapi?' Nikamwambia, mama, mimi mshona magunia tu. Akasema, 'Mwenzangu, mimi nimeuza nafaka miaka yote, nami yangu ilikuwa inakula. Sema tu.' Nikamwambia tano. Akahesabu kwa vidole, akacheka. Akasema, 'Basi inanifaa. Mzee akija, usimwambie.' Nikadhani ni utani wa mtu na mumewe."

Mpiga Bati alishika ukingo wa paa la gari. Bati lilikuwa linaunguza kwa jua, hakutoa mkono.

"Alisema inamfaa."

"Ndivyo alivyosema. Nimekosea, baba?"

"Hapana, mama. Rudi kazini."

Njiani hakuwasha redio. Alijaribu kumkasirikia mkewe, akashindwa. Alijaribu kumwelewa, hapo akaona ni vibaya zaidi. Mkewe alimwita asome ili mzigo wote wa lawama uwe wa chuma, usiwe wa mumewe. Au alimwita kwa sababu alijua mumewe ni mtu wa kuamini kilichoandikwa kwa namba, mradi hakina muhuri. Alichoka. Alichoka na geti, na mipira, na kulala kwa wenyewe, na kuuliza mashine ipi nzima, na simu ya Dada Kofia kupokelewa na mtoto. Na hapo, kwenye mteremko, mkono umeshika gia, Mpiga Bati akajikuta anasema kwa sauti: angechoka na nini, kama mashine ingekuwa pale nyumbani, hatua chache kutoka sokoni, na fundi wake amefika? Nani aliyemchosha? Akalirudia hilo mara nyingi. Lilikuwa kweli. Ila kila alipolirudia lilipungua uzito, na alipofika mjini alikuwa analitamka tu.

Akaenda moja kwa moja kwa binti yake. Ilikuwa siku ya mapumziko, binti alikuwa anaanika nguo uani. Alimwona, akaendelea kubana vibanio.

"Nimetoka kwenye mizani," Mpiga Bati akasema. "Mfuko wa saruji wa hamsini umeonyesha arobaini na tano. Twende nikakuonyeshe. Kila mtu pale anajua inaiba. Na ina muhuri wa serikali, wa mwaka huu."

Binti akageuka. Kibanio kilikuwa mdomoni, akakitoa.

"Kwa hiyo mama alikuwa hamsini na sita."

"Ndiyo."

"Wakamwambia hamsini na moja."

"Ndiyo."

"Akajiona mzima. Akanywa maji." Uso wake ukavunjika kidogo kidogo, kwanza kidevu, mwisho macho. "Baba, nisamehe. Nilikuita... nilikuambia wewe ndiye."

Alimkumbatia kwa mikono iliyolowa. Neno lilikuwa limefika ulimini mwa Mpiga Bati, limeiva, lingetoka lenyewe kama angeacha mdomo wazi: mama yako alijua. Akaona vile binti anavyomshika, akaona pia kitu atakachokifanya neno hilo. Mama yako alikuwa na siku nyingine za kukaa nawe, hakuzitaka. Akafunga mdomo.

"Twende tukawashtaki," binti akasema, akifuta uso kwa shati lililoloa. "Kesho kutwa. Naomba ruhusa kazini. Hawatapona hawa."

Miaka yote alimwomba mtoto huyu aungane naye kuwachukia wakubwa, na mtoto akawa anamwambia, baba, acha manung'uniko. Sasa ameungana.

"Twende," Mpiga Bati akasema.

Ofisi ya vipimo ilikuwa ghorofani, chumba chembamba, kiyoyozi kimefunikwa gazeti. Afisa mwenyewe alikuwa semina. Alikuwepo karani wake, mwanamume wa shati la mikono mifupi, aliyewasikiliza akiwa ameegemeza shavu. Binti alieleza yote: ghala, mizani, muhuri, mfuko wa saruji. Alieleza vizuri, maana ana elimu, lakini Mpiga Bati, aliyekaa kando yake, hakuwa anasikia maneno. Alikuwa anasikia sauti. Ilikuwa sauti yake yeye, ile kavu, ya meno yaliyobana, imehamia kwa mtoto.

Karani akavuta karatasi, akajaribu kalamu pembeni. "Tunaandika maelezo ya shahidi. Nani aliyekuwepo siku hiyo?"

"Baba yangu."

"Mzee, marehemu alipima kwenye mizani hiyo, akaona kilo hamsini na moja?"

"Ndiyo."

"Alikuwa anajua kwamba mizani ina kasoro? Naulizia kwa sababu wao watauliza. Wanaweza kusema alijua, akapanda kwa hiari yake."

"Angejua angekunywa maji?" binti akasema. "Mtu anayetaka kuishi? Baba, mwambie."

Karani akangoja, kalamu imeinuliwa. Nje, chini barabarani, magari yalikuwa yanapigiana honi. Binti alikuwa amemshika baba yake mkono, kwa nguvu.

"Hakujua," Mpiga Bati akasema. "Andika. Hakujua kitu."

Karani akaandika, polepole, akirudia kila neno kwa midomo.